Ufunguo wa Pili wa Gereza la Nahrani

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu, mjione mmesimama mbele ya mlango. Si mlango wa nyumba ya mtu wala wa msikiti. Ni mlango mfupi wa mbao nene, ambao mtu mzima hupita akiinama, nao umefungwa kwa kufuli mbili, moja juu na moja chini. Kila kufuli ina ufunguo wake, na anayeshika ufunguo mmoja hashiki wa pili. Mmeuona? Basi sasa nisikilizeni.

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba huo ulikuwa mlango wa gereza la Nahrani, mji uliokuwa pembezoni mwa jangwa katika zama ambazo leo tunazisikia tu. Ulikuwa mji mdogo wenye ukuta wa udongo na mitaa myembamba, na jioni watu walimwagia maji vibaraza vyao hadi harufu ya vumbi lililolowa ikajaa kila mahali. Wazee waliouhama mji huo walikuwa wakiikumbuka harufu ile hata walipokuwa ugenini, wakisema hawajapata kuinusa tena.

Ufunguo wa kufuli ya juu ulikaa kwa Amiri wa mji. Wa kufuli ya chini ulikaa kwa Kadhi, ameufunga kwenye mshipi wake. Amiri alipomkamata mtu, hakuweza kumfungia mpaka Kadhi aje, na Kadhi haji mpaka aulize: amefanya nini, na nani ameona? Walioupanga utaratibu huo hawakuwa watu wenye kuwashuku watawala wao. Walijua tu kwamba mkono wa mwanadamu, hata ukiwa mwema, huchoka na hukasirika, na siku nyingine huogopa.

Na walikuwa na desturi nyingine. Kabla ya Kadhi kukaa kuhukumu, bawabu wa baraza lake alimsimamisha mlangoni mbele ya watu, akamuuliza kwa sauti: "Ewe Kadhi, umekula? Umelala? Una hasira?" Kama Kadhi ana njaa, hupewa tende kwanza. Kama hakulala, huambiwa akapumzike. Na akisema ana hasira, baraza hufungwa siku hiyo na watu hurudi makwao, kwa maana walishika mafundisho ya kwamba hukumu ya mwenye hasira ni batili. Watoto waliipenda sana desturi hiyo. Walikuwa wakiiigiza mitaani, mmoja bawabu, mwingine Kadhi, na yule aliyekuwa Kadhi daima alisema ana njaa ili apate tende.

Katika zama hizo Kadhi alikuwa Sheikh Hayyani bin Labidi, mtu mpole aliyezeeka katika kazi hiyo. Amiri alikuwa Mundhiri, mcha Mungu, kijana bado kwa cheo chake, aliyependa kulala ukutani pamoja na askari wake badala ya kulala kitandani. Wote wawili walikuwa watu wema. Naomba hilo mlishike, kwa sababu kisa hiki si kisa cha mtu mwovu.

Ikatokea mwaka mmoja waporaji wa jangwani wakauzunguka mji. Hawakuwa na nguvu ya kuuvunja ukuta, ila walivizia misafara, na kila aliyetoka nje alitoka roho mkononi. Siku moja vijana walitoka alfajiri kwenda kuteka maji kwenye kisima cha nje. Walikuwa wamepanga safari hiyo kwa siri. Waporaji wakawa wanawangoja palepale kisimani. Katika waliouawa alikuwamo Harithi, mtoto wa pekee wa Kadhi Hayyani na mkewe, Bibi Rababu.

Watu walipokuwa bado wamekaa matanga, Amiri Mundhiri alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani karibu na Kadhi, akashika mkono wake, akalia. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Sheikh wangu, vijana wale waliuzwa. Kuna mtu ndani ya mji aliyewapelekea adui habari."

Kadhi akainua uso. "Nani?"

"Sinani, mfuga njiwa. Askari wangu mmoja amesema aliwaona njiwa wakiruka kutoka darini kwake alfajiri ileile, wakaelekea vilimani. Na huenda si yeye peke yake. Sheikh, adui hatungoji tumalize kuulizana. Nipe ufunguo wako, nishike mimi zote mbili, mpaka hatari ipite. Nikisikia jambo, nimkamate mtu papo hapo."

Laiti angekuwapo mtu wa kumuuliza Kadhi yale maswali matatu! Lakini bawabu huuliza mlangoni pa baraza, na pale hapakuwa baraza, palikuwa msibani. Kadhi hakuwa amekula. Hakuwa amelala. Na kifuani mwake palikuwa pakiwaka. Alipeleka mkono mshipini, akaufungua ufunguo, akauweka katika kiganja cha Amiri.

Tangu hapo mji ukabadilika. Askari waliingia nyumbani kwa watu bila hodi. Walimchukua Sinani kwanza, wakavunja matundu yake na kuwachinja njiwa wake wote. Kisha wakamchukua jirani yake, kisha mtu aliyeuliza jirani amepelekwa wapi. Katika mtaa wa wafinyanzi, alikokaa Sinani, watu waliacha kumwagia maji vibaraza vyao jioni, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana nje. Sokoni watu walizungumza kwa kunong'ona.

"Vipi biashara?" mmoja aliuliza.

"Kimya, ndugu yangu. Usiniulize chochote, nisije nikakujibu."

Wakacheka, lakini walicheka wakitazama nyuma.

Habari ikaenea kwamba Sinani atauawa langoni siku ya Ijumaa, baada ya sala, ili iwe onyo. Mkewe, aitwaye Ghaziya, alikuwa akija nyumbani kwa Kadhi tangu siku za matanga, kwa maana alikuwa akifahamiana na Bibi Rababu. Alipoisikia habari hiyo alikuja, akakaa karibu na Bibi Rababu, akashindwa hata kusema alichokijia.

Bibi Rababu akamtazama. Wanawake waliokuwapo wakaanza kumsonya Ghaziya, na mmoja akasema wazi: "Una uso wewe wa kukaa hapa? Kwa mama wa marehemu?"

"Mwacheni," Bibi Rababu akasema. "Sema, dada yangu."

"Bibi, mimi sisemi mume wangu hana kosa," Ghaziya akasema. "Mimi nililala alfajiri ile, sikuona kitu. Ninachouliza ni kimoja tu. Kuna mtu amemuuliza yeye?"

Bibi Rababu aliinuka akamfuata mumewe chumbani, akamkuta ameketi na tasbihi isiyosogea mkononi.

"Baba Harithi, Sinani ameulizwa?"

"Sina habari, Mama Harithi. Ufunguo sinao."

"Aliyemwona ni nani? Wako mashahidi wawili?"

"Nimekwambia ufunguo sinao."

"Ulikuwa nao. Ulikaa nao miaka yote hii mshipini, hata nikikufulia kanzu nakuambia uutoe, na wewe hukubali kuutoa ila ninyooshe mkono niushike mimi kwanza, usiguse chini. Leo umeutoa kwa ajili ya mwanangu. Usimfanye Harithi sababu. Harithi hakuwa mtu wa kufanyiwa hivyo."

Kadhi Hayyani akalia. Wanasema hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu mazishi, na alipokwisha kulia alipata nguvu ya kusimama.

Akaenda kwanza gerezani. Mlinzi wa gereza alimwinamia kwa heshima, akasema: "Marhaba, Sheikh. Leo sina la kukufanyia. Ningekufungulia, lakini mimi nafuata mwenye funguo."

"Humo ndani wako watu gani?"

"Wallahi sijui, Sheikh. Zamani nilikuwa nikiwajua majina, kwa sababu wewe ulikuwa ukiyasema kwa sauti kabla ya kufungua. Siku hizi wanaletwa tu."

Akaenda kwa Amiri, akamkuta ukutani.

"Nimekuja kuuchukua ufunguo," Kadhi akasema. "Nilikupa nikiwa na hasira. Nilichokitoa kwa hasira si halali yako wala si halali yangu."

Amiri akastaajabu. "Sheikh, hatari haijapita. Tulikubaliana mpaka hatari ipite."

"Ni nani atakayetuambia kwamba imepita?"

"Mimi. Si ndimi nilindaye ukuta?"

"Basi, mwanangu, haitapita. Si kwa ubaya wako. Kila mlinzi mwema huona hatari mpaka anaingia kaburini, na ndiyo maana tunamtaka awe mlinzi. Lakini mtu huyo huyo hawezi kutuambia ni siku gani tuache kuogopa."

Amiri akatazama jangwani kulikokuwa na moshi wa moto wa waporaji. "Nenda kapumzike, Sheikh," alisema hatimaye. "Umefiwa."

Ijumaa ikafika. Msikiti ulijaa, na Amiri alikaa safu ya mbele. Baada ya sala, kabla watu hawajainuka kwenda langoni kutazama mauaji yale, Kadhi Hayyani alisimama, akamwita bawabu wake, mzee aitwaye Jundubu.

"Mzee Jundubu, njoo uniulize."

Jundubu akababaika. "Sheikh, hapa si barazani."

"Niulize hapa. Wasikie wote."

Mzee akakohoa. "Ewe Kadhi, umekula?"

"Nimekula. Mke wangu amenilazimisha."

"Umelala?"

"Kidogo."

"Una hasira?"

Kadhi akasema: "Ndiyo. Ninayo hasira kubwa. Nilikuwa nayo pia siku ile nilipompa Amiri ufunguo wa gereza, na hakuna mtu aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza. Enyi watu wa Nahrani, nimewakosea. Ufunguo ule haukuwa wangu hata niutoe. Ulikuwa wenu, mimi mlinipa amana tu."

Mtu mmoja akasimama nyuma. Alikuwa Utba, muuza ngozi, ambaye naye mwanawe aliuawa kisimani.

"Damu ya mwanao haijakauka, Kadhi! Na ya mwanangu! Unatuletea habari za funguo? Wewe u baba wa aina gani?"

Watu wengine wakaguna kumuunga mkono. Kadhi hakumkemea.

"Baba mwenye huzuni kama wewe, Utba," alisema. "Kama hukumu ingekuwa ya mababa, leo mimi ningemvuta kamba Sinani kwa mkono wangu. Ndiyo maana haikuwekwa mikononi mwa mababa."

Kisha akatoka msikitini, akaenda akaketi chini mbele ya mlango wa gereza, akiegemeza mgongo wake kwenye kufuli ya chini. Mwanzo alikuwa peke yake. Mzee Jundubu akaja akaketi naye, akilalamika juu ya magoti yake. Bibi Rababu akaja na Ghaziya, kisha wanawake wa mtaa wa wafinyanzi, kisha watu ambao hawakuwa wamesema neno tangu ndugu zao walipochukuliwa. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa tu juani.

Amiri akafika na askari wake, maana Sinani alipaswa kutolewa.

"Sheikh, ondoka mlangoni."

"Niondoe, ukitaka. Funguo zote unazo. Ukinifungia na mimi, nani atakuuliza?"

Amiri akakasirika, na katika hasira yake akasema neno lililomwokoa. "Unadhani nimejaza humo watu wasio na hatia? Basi nitafungua mbele ya wote, mwone nimewafungia nani! Kila mmoja nitamtaja kosa lake."

Kadhi akainuka, akasogea. Amiri akafungua kufuli ya juu, akafungua na ya chini. Wafungwa wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakiinama na kufumba macho kwa mwanga. Wa kwanza akatajwa kosa lake. Wa pili pia. Wa tatu akatoka mzee mfupi mwenye ndevu zilizotimka, na Amiri akawageukia askari wake.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Eti huyu ni nani!" mzee akafoka. "Mimi Fudaili, muuza siki! Muulize huyo mkwe wangu hapo, huyo askari wako mrefu. Binti yangu amerudi nyumbani kwangu kwa sababu ya mdomo wa mumewe, nikakataa kumrudisha, kesho yake mimi mpelelezi! Mimi! Hata mlango wa jikoni kwangu siujui, nitajua njia ya kwa adui?"

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu, na yule askari mrefu akainamisha uso. Lakini Amiri hakucheka. Akamtazama aliyefuata, hakumjua. Na aliyefuata, hakumjua. Mmoja aliingizwa kwa ugomvi wa ukuta wa ua. Mwingine, hata askari hawakukumbuka aliingizwa kwa nini.

Amiri Mundhiri akaketi chini, palepale alipokuwa ameketi Kadhi.

"Nilidhani funguo ziko mkononi mwangu," akasema polepole. "Kumbe zilikuwa mkononi mwa kila mwenye kisasi."

"Wewe ulikuwa ukilinda ukuta," Kadhi akamjibu. "Mtu hawezi kuwa ukutani na mlangoni kwa wakati mmoja."

Amiri akautoa ufunguo wa chini, akamrudishia. Kadhi akaushika kwa mikono miwili.

Akabaki Sinani. Alikuwa ametoka wa mwisho, amekonda, akitafuta mkewe kwa macho. Utba muuza ngozi akapaza sauti: "Na huyu je? Huyu naye ana mkwe?"

Kadhi akauliza: "Nani alimwona?"

Askari mmoja akajitokeza. "Mimi, Sheikh. Niliwaona njiwa wakiruka kwake alfajiri, wakaelekea vilimani."

"Uliona kitu mguuni mwa njiwa? Barua? Uzi?"

"Hapana, Sheikh. Walikuwa mbali."

"Nani mwingine aliona?"

Hakujitokeza mtu.

"Sinani, njiwa wako walikwenda wapi?"

"Sheikh, njiwa huruka," Sinani akasema kwa sauti iliyokauka. "Niliwafungulia kama nifanyavyo kila siku. Sijui walikwenda wapi. Sasa wamechinjwa, hata ningetaka kuwauliza. Wallahi, Sheikh, sikumuua mwanao."

Waliokuwapo wanasema Kadhi aliukaza ufunguo mkononi mwake, na kwamba Bibi Rababu aliusogelea mkono huo, asiuguse.

"Kumhukumu mtu huyu siwezi," Kadhi alisema hatimaye, "kwa sababu nina hasira, na mmenisikia nikikiri. Lakini kumrudisha ndani mtu ambaye hakuhukumiwa, hilo pia siwezi, wala Amiri hawezi, wala nyinyi nyote mkikusanyika hamwezi. Sinani, nenda nyumbani. Mkeo anakungoja."

Utba akaondoka akilia. Hakuna aliyemlaumu.

Siku zilizofuata askari waliokuwa wakizunguka majumbani walirudishwa ukutani, na watu wa mtaa wa wafinyanzi walitoka majumbani wakaenda kushika zamu pamoja nao. Waporaji walijaribu tena, kisha mvua zikanyesha mbali kusini wakaifuata mvua. Sisemi kwamba mji uliokoka kwa sababu ya ufunguo. Aliyeuokoa anajulikana, naye hahitaji funguo. Nasema tu kwamba uliokoka ukiwa bado ni mji ule ule, wenye harufu ya vumbi lililolowa jioni, na watoto wakiigiza Kadhi na bawabu mitaani.

Sinani alianza tena kufuga njiwa, jozi aliyopewa na Bibi Rababu. Kadhi alikuwa akipita mbele ya nyumba yake akienda msikitini, akimsalimu, na Sinani akiitikia, na wote wawili wakiinamisha macho. Mambo hayo yaliendelea hivyo mpaka wakazeeka. Hakutokea shahidi wa pili, wala wa kumtakasa Sinani wala wa kumtia hatiani.

Karibu na kufa kwake, Kadhi Hayyani aliulizwa na mwanafunzi wake mmoja, aliyekuwa akimwuguza: "Sheikh, sasa niambie ukweli. Sinani hakuwa na hatia, sivyo? Ulilijua hilo, ndiyo maana ukamwacha aende."

Kadhi akafumbua macho.

"Sikujua," alisema. "Wala leo sijui. Ndiyo maana nilimwacha aende."

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, waliokosea wakarudi na waliosubiri bila kupata jibu. Zama zao zimepita, na mlango ule nasikia ulikwisha kuliwa na mchwa. Lakini hofu bado inapita mijini kama ilivyopita Nahrani, na siku moja itabisha kwenu pia, ikiwaambia fulani ndiye, mfungieni upesi, tutauliza baadaye. Siku hiyo, wanangu, sitawaomba mkumbuke majina haya yote. Kumbukeni jambo moja tu: ulizeni kwanza.